Pembe ya Gofre

Tulipokuwa tunatoa vitu vya marehemu Papa Mdogo chumbani mwake, baada ya matanga kwisha, mkono wangu uligusa chini ya kitanda kitu kizito na baridi kilichofungwa kwenye gunia. Sikuhitaji kulifungua. Nilikaa sakafuni, mwanamke mzima mwenye mjukuu, nikalia kile kilio kilichokataa kutoka makaburini. Kilikuwa chuma cha Maman Faida cha kuokea gofre, ile mikate mitamu ya miraba: sahani mbili za chuma zilizounganishwa kwa bawaba, vishikio virefu kama vya mkasi, na ndani miraba miraba. Katika nyumba ile iliaminika kwamba chuma hicho kilitupwa ziwani. Koko, yaani bibi, mama yake Papa Mdogo, aliniambia kwa kinywa chake kwamba alimtuma mtu akakitupe. Kumbe aliyetumwa ni mwanawe, naye akakificha, akalala juu yake mpaka kufa. Ndivyo alivyokuwa Papa Mdogo, mapenzi yake aliyaweka chini ya kitanda. Nasema hivi kwa hasira, na marehemu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake.

Faida mwenyewe alikuwa amekuja mazikoni. Alivuka daraja la mpakani peke yake kutoka Bukavu, upande wa Kongo, mwanamke mzee aliyejifunga kitenge cha rangi ya kufifia, akaketi mwisho wa benchi pamoja na majirani wa mbali, kana kwamba hakuwahi kuwa mke wa yule tuliyekuwa tunamzika. Tantine Odette, dada ya marehemu, alipita na sinia la soda akampa wa kulia kwake, akampa wa kushoto, yeye akamruka. Niliona kwa macho yangu mawili. Kwetu huku kinywaji hufunguliwa mbele ya mgeni na mwenye kukaribisha huonja kwanza, ili moyo wa mgeni utulie. Basi nikachukua chupa, nikaifungua mbele yake, nikanywa funda moja, nikampa. Alinitazama muda mrefu. "Domi," akasema. "Umenenepa." Nikamwambia ndiyo, Maman, nimenenepa. "Mungu asifiwe," akasema, na hakuwa anatania. Nikamwomba aje Jumamosi asubuhi tunywe chai, kabla binti yangu na mjukuu wangu hawajarudi Kigali. "Ku ile nyumba?" akauliza. Ku ile nyumba, Maman. "Nilete nini?" Ulete mikono yako, nikasema, na nilijuta mara moja, kwa sababu aliificha ndani ya kitenge.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimetumwa kukaa kwa Papa Mdogo hapa Cyangugu ili nisome. Nyumba ilikuwa chini, karibu na ziwa. Ilikuwa na salon ya kupokea wageni iliyojaa viti vyenye vitambaa vya kufuma, vyeupe pe, ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuviegemea, na kati ya salon na chumba nilicholala na Koko hapakuwa na mlango bali pazia la kitenge. Pazia lile nalishukuru na kulilaani. Kila neno la nyumba ile lilipita pale na kunikuta kitandani, na mwaka ule nilikaa sana kitandani. Nyuma kulikuwa na uwanja mdogo wa kupikia, na ukisimama pale ulikuwa unaona ng'ambo, mabati ya Bukavu yaking'aa mlimani. Maman Faida alipenda kupika akiwa ameelekea huko. Koko aliliona hilo, maana Koko aliona kila kitu.

Faida alikuwa hajakaa sana katika ndoa. Mushi wa Bukavu, wa kabila la Bashi, mwembamba, mcheshi, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Kabla ya kuolewa alikuwa mpishi kwa masista, na masista walipohama walimwachia chuma chao cha gofre. Kwa desturi angeitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, lakini mtoto hakuwa amekuja, kwa hiyo tulimwita Maman Faida, kwa jina lake mwenyewe, na Koko alilitamka kama linamkwaruza koo. Siku za kazi aliuza gofre karibu na daraja, pale Rusizi ya Kwanza, kwa wabebaji na wamama wa biashara wanaovuka na mizigo yao. Waliokwenda walinunua, waliorudi walinunua tena. Jumapili zilikuwa zetu. Aliacha unga wa ngano umekorogwa na hamira, mayai, maziwa, sukari na ganda la limau lililokwaruzwa, ukiumuka chini ya kitambaa wakati sisi tuko misani, na tukirudi tunamkuta kachuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, makala yamewaka vizuri, anapaka chuma mafuta kwa kipande cha ngozi ya nguruwe. Saa ya jikoni hakuwa nayo. Masista walikuwa wamemfundisha kupima kwa sala: Salamu Maria moja upande huu, unageuza chuma, Salamu Maria moja upande ule. "Usiikimbize, Domi," aliniambia aliponipa vishikio. "Ukiikimbiza Bikira Maria, gofre inatoka mubichi." Jamani, harufu ile! Mpaka leo nikiikumbuka mate yananijaa, na dakika hiyohiyo tumbo linajikunja.

Kwa sababu nilianza kuugua. Si ghafla, kidogo kidogo. Tumbo likajaa likawa gumu, miguu ikakonda, nikawa naendesha, na shuleni nililala juu ya daftari. Njaa ikaniacha kabisa. Kila asubuhi Faida alifungua pazia, akaketi pembeni ya kitanda, akaweka kiganja juu ya tumbo langu na kuuliza, "Domi, uko na njaa?" Nami kila asubuhi nilijibu hapana, Maman. Sijui kama kuna neno linaloweza kumuumiza mpishi kuliko hilo. Basi akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye moyo angefanya: akanipa kile pekee nilichokubali kula. Gofre iliyovunjika kutoka kwenye beseni la biashara. Gofre iliyolowekwa kwenye maziwa ya moto. Mkate laini kutoka kwa Wahindi wa Bukavu, aliovuka daraja kuununua akarudi nao chini ya kwapa ili mvua isiuguse. Alivyozidi kunipenda ndivyo nilivyozidi kukauka, na leo ninapoandika maneno haya natamani kupiga meza ngumi.

Mchana mmoja, akiwa darajani, Koko na Tantine Odette waliketi salon. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na walijua niko pale, ila mgonjwa huhesabiwa kama kiti.

"Huyu mutoto alikuja hapa muzima," Odette alisema. "Angalia sasa. Tumbo kama ngoma, miguu kama fito."

"Mi sisemi kitu," alisema Koko, na Koko akianza hivyo ujue atasema yote. "Minauliza tu. Nani njo anamupikiaka?"

"Maman, usiseme ile kitu."

"Sijasema. Muke hana mutoto wake. Anaangaliaka mutoto wa bengine na jicho gani? Minauliza tu."

Basi Odette akalitaja neno lenyewe, kwa sauti ya chini kama anayetaja tusi kanisani. "Karuho." Karuho ni sumu ya polepole. Watu wa pande zetu, huku na ng'ambo, huiogopa kuliko risasi. Hutiwa kidogo kidogo katika chakula na mtu unayemwamini, na wewe unakauka taratibu huku unamshukuru kwa kukulisha. Nilikuwa nimesikia habari zake tangu utotoni. Nililala pale nikitazama maua ya pazia na kuwaza mikono ya Maman Faida, unga mpaka viwikoni, na moyo wangu ulikataa. Nataka ijulikane kwamba ulikataa. Lakini moyo wa mtoto wa miaka kumi na tatu haukuwa na kiti katika salon ile.

Jumapili iliyofuata gofre zilipofika mezani, Koko aliweka kiganja chake juu ya sahani. "Faida," akasema, "onja kwanza." Elewa vizuri. Kuonja si tusi, ni adabu, sote huonja. Lakini mtu huonja mwenyewe, kwa hiari, mbele ya mgeni. Kuamriwa uonje katika nyumba yako, mbele ya bwana yako, chakula cha mtoto unayemlea, hayo ni matusi ya nguoni. Faida alicheka kwanza, akidhani ni mchezo. Akamtazama Papa Mdogo. Papa Mdogo alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. Aliendelea kukoroga. Basi Faida akavunja pembe ya gofre ya kwanza, akaitia mdomoni, akatafuna, akameza, akafungua kinywa kidogo ili Koko aone. Akavunja pembe ya pili. Tangu siku ile kila gofre ilinifikia imepungua pembe moja, na nilizoea kiasi kwamba katika daftari la shule nilichora gofre yenye pembe tatu.

Haikusaidia kitu. Yeye alikula pembe zote hizo na mashavu yake yakabaki vilevile, na mimi niliendelea kukauka. Ungefikiri hapo wangejiuliza. Wapi! "Mwenye karuho anakunywaka dawa ya kumukinga mbele ya kuonja," Odette alisema, na jambo likaisha. Neno likatoka nyumbani, likateremka barabarani, likafika darajani kabla ya beseni la Faida. Wabebaji waliokuwa wanamwita kwa mbali, "Maman Gofre, uniwekee mbili," wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Beseni lilikuwa linarudi limejaa. Alilifunika kwa kitambaa safi kama kawaida, akaliweka mezani, na jioni hakuna aliyegusa, isipokuwa mimi. Mimi nilikula kwa kumhurumia, nikamwona anafurahi, na usiku wote tumbo langu lilinung'unika.

Ndipo waliponipandisha mlimani kwa mganga mmoja aliyejulikana kwa kutapisha karuho. Alininywesha kitu cha kijani, kichungu mno, nikatapika mpaka nikadhani natapika miguu yangu. Kisha akatia mkono katika beseni na kutoa kipande kidogo cha nyama nyeusi. "Njo hiyi," akasema. Koko akapiga goti. Mimi niliona mkono wa yule bwana ulivyofungwa kabla haujaingia katika beseni, lakini nani amsikilize mtoto anayetapika? Akatoa amri: nisile tena chochote kutoka mikono ya mwanamke yule. Nile bugali ya mihogo, sambaza, wale dagaa wa ziwani, sombe ya majani ya mihogo, na ndizi, vilivyopikwa na Koko mwenyewe. Hakuna kingine.

Na nikapona. Ee Yezu wangu, nikapona! Tumbo likashuka. Miguu ikajaa. Nikaanza kukimbia tena na wenzangu kwenda shule, nikaanza kuimba kwaya, mashavu yakarudi, na kila jirani aliyeingia aliyabana kwa vidole viwili na kutikisa kichwa akielekea jikoni. Hakuna aliyemwona Faida akitia sumu. Hakukuwa na shahidi hata mmoja ila mashavu yangu. Mwili wangu wenyewe ulisimama ukatoa ushahidi wa uongo, nami nilikuwa ndani yake, nina nguvu tele, sina la kufanya.

Siku walipomfukuza, vitambaa vya kufuma viliondolewa vitini. Ndivyo nilivyojua kwamba jambo ni kubwa. Wazee wa ukoo waliketi, Papa Mdogo akaketi katikati yao na mikono kati ya magoti, na mambo hayakuchukua muda mrefu. Faida hakupiga kelele. Aliomba kitu kimoja tu, chuma chake. "Hiyi inabakia," Koko alisema. "Hautamalizia batoto ba bengine nayo." Basi Faida akafunga nguo zake katika kitenge, na kabla ya kutoka akafungua pazia. Aliketi pembeni ya kitanda kama asubuhi zote. Aliweka kiganja juu ya tumbo langu, ambalo sasa lilikuwa bapa na laini. "Domi," akauliza, "uko na njaa?"

Na mimi nilikuwa na njaa. Nilikuwa na njaa ya kweli, njaa ya mtoto anayekua, na nilifurahi kwamba hatimaye nina jibu la kumpa. Nikasema, "Ndiyo, Maman. Sana." Uso wake ulibadilika mbele yangu. Alitoa kiganja chake taratibu, akakitazama, kisha akanyanyuka akaenda. Nilimwona kwa dirisha akiteremka kuelekea daraja, na hakugeuka nyuma.

Maisha yaliendelea, kama yanavyofanya bila aibu. Nilipelekwa shule ya bweni, kule kwa uji wa mahindi na maharagwe. Niliolewa, nikahamia Kigali. Papa Mdogo alioa mwingine, huyo naye akatangulia, na Koko vilevile. Faida aliuza vitenge. Mara chache, nilipokuja huku kusalimia, nilimwona katika soko la Kamembe, bidhaa zake mkononi, tukasalimiana haraka, na niliona kwamba hauzi tena chochote cha kuliwa. Kuhusu mkate, mimi nilijua tu kwamba haunipendi. Kwenye harusi nilikataa keki na watu wakasema naringa. Nani angefikiri zaidi ya hapo?

Kisha Keza, mjukuu wangu, akaanza kukauka. Nilipomwona na lile tumbo na ile miguu nilihisi kama nimejikuta nyuma ya pazia. Binti yangu Aline alikuwa anafikiria minyoo, jirani yake alikuwa ameshaanza kumtazama vibaya mfanyakazi wa nyumbani, na mimi nilisema hapana, safari hii hospitali kwanza. Daktari alichukua damu, kisha vipimo vingine, akatueleza kwa upole. Ni ngano. Kuna kitu ndani ya ngano ambacho utumbo wa mtoto huyu unakiona kama adui na kujiumiza wenyewe kukipiga. Si sumu, si mkono wa mtu. Kwetu hapa haionekani mara nyingi, akasema, lakini hutembea katika damu ya ukoo, bibi naye apimwe. Nikapimwa. Alipokuja na majibu yangu aliniuliza, "Mama, ulipokuwa mtoto hukuwahi kuugua tumbo?" Niliketi kwenye benchi la korido, nikiona beseni lililofunikwa kitambaa safi, na hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo.

Nilimpigia Papa Mdogo siku ileile. Nilimweleza polepole, mara mbili. "Kwa hiyo ilikuwa ngano," akasema. Ilikuwa ngano tu, Papa. "Basi," akasema, kisha akaniuliza kama mvua imenyesha Kigali. Kutoka mlangoni kwake hadi darajani ni mwendo wa mtu mzee asiye na haraka. Alikuwa na miezi ya kutosha kuutembea, akavuke, aseme neno. Hakuutembea. Akafa.

Kwa hiyo iliniangukia mimi. Nilichukua mchele wa Bugarama, nikauosha, nikaukausha juani, nikautwanga katika kinu kipya. Mashine ya kusaga ya sokoni husaga mahindi, mihogo na ngano kwa mdomo uleule, na kwa tumbo kama langu vumbi tu linatosha. Nikaongeza unga wa mihogo kidogo. Siku ya kwanza niliweka mwingi, gofre ikavutika kama gundi na kuacha nusu yake ndani ya chuma. Nikaponda ndizi ndogo tamu, zile za kamaramasenge, ili unga ushikamane, nikapiga ute wa mayai peke yake mpaka ukasimama. Lakini kazi kubwa ilikuwa chuma. Ngano ya miaka ile ilikuwa bado imo katika miraba, imegandamana na mafuta ya kale, nyeusi. Nilikiweka juu ya makala matupu, kikatoa moshi mpaka jirani akachungulia. Nikakisugua kwa mchanga na majivu, nikakirudisha motoni, nikakisugua tena. Aline akasema, "Mama, Kigali banauza gofrie, chuma cha umeme, si tununue tu?" Nikamwambia nyamaza, koroga. Za majaribio nilikula mimi mwenyewe, maana tumbo langu ndilo kipimo, nikalala salama. Na niligundua kwamba mchele ni mgumu wa imani kuliko ngano: unataka Salamu Maria mbili kila upande.

Jumamosi Faida alifika asubuhi, akasimama nje ya lango mpaka nilipomfuata. Odette alikuwa salon. Hakuwa ameondoka tangu mazishi, amekaa wima kwenye kiti kama mlinzi wa vitambaa. Nilimpitisha Faida moja kwa moja mpaka uwanjani nyuma, mbele ya mbabula, na akakiona chuma.

"Kumbe iko," akasema.

"Alikuwa anakilalia, Maman. Chini ya kitanda."

Alikigusa kishikio kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima kama ni cha moto. Nikamwita Odette aje asikie, akaja akasimama mlangoni, na nikayasema yote mbele ya wote, kwa Kiswahili chepesi: ngano, damu ya ukoo, mimi, Keza. Nikasema, Maman, hukutia kitu. Haukuwa wewe. Ilikuwa unga.

Odette ndiye aliyejibu kwanza. "Na ile nyama munganga alitoa mu beseni, ilitoka wapi?"

"Ilitoka mfukoni mwake, Tantine!" nilisema, na sauti ilinipanda kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mi niliiona na macho," akasema Odette, akakunja mikono. Na nilielewa kwamba hatabadilika, kwa sababu akibadilika itambidi abebe mzigo ambao hana tena nguvu za kuubeba.

Lakini sikuwa namtazama yeye. Nilimtazama Faida, nikingoja afurahi, nikingoja angalau alie. Yeye alikuwa anatazama viganja vyake. "Domi," akasema polepole, "unajua nini? Mi pia niliishiaka kuamini. Siku ile uliniambia uko na njaa, nikasema basi, bako na haki. Pengine iko kitu mu mikono yangu, na mi mwenyewe sikijue. Dada yangu alizaa, nikakataa kumulishia batoto. Hata mayi ya kunywa sikubapatia." Aliigeuza mikono, akatazama na upande wa pili. "Miaka yote, Domi. Hata mayi."

Nilimpa kipande cha ngozi ya nguruwe.

Akakipokea, akachuchumaa mbele ya makala, magoti yakilia, akaanza kupaka chuma mafuta. Mkono haukuwa umesahau. Nilimwambia habari ya Salamu Maria mbili, akacheka kidogo, mara ya kwanza. Tukasali kwa sauti ya chini, tukageuza, tukasali. Gofre ilitoka nzima, rangi ya asali, harufu ya limau na ndizi. Akaiweka kwenye sahani, na bila kufikiri, bila mtu yeyote kumwambia, akavunja pembe, akaitia mdomoni, akatafuna, akameza, akafungua kinywa kidogo. Mbele ya Odette. Miaka yote ile imepita na kinywa bado kilifunguka chenyewe.

Keza alikuwa amesimama pale na sahani yake. "Koko, yangu usiikate!" akamlalamikia Faida, akimwita Koko kama aitwavyo kila bibi, kwa Kiswahili chake alichojifunza kwangu. "Mimi nataka nzima."

Faida alinitazama. Nikamwitikia kwa kichwa: mpe. Akamimina unga, akasali, akageuza, akasali, na ilipotoka aliishika kwa mikono miwili muda mrefu, nikaona vidole vyake vikienda kwenye pembe na kurudi, vikienda na kurudi. Kisha akaiweka kwenye sahani ya mtoto, pembe zote nne. Keza akala yote, akaramba asali vidoleni, akaomba nyingine, akala. Odette alipokea yake, akaifunga katika serviette, kitambaa cha mezani. "Nitaikula nyuma, si sasa," akasema.

Baada ya chai nilidhani Faida ataaga. Hakuaga. Alimfuata Keza kwa macho uwanjani, akimtazama tumbo, akimtazama miguu, na kila mara mtoto alipoenda chooni alinyanyuka nusu kwenye kiti. Nilimwambia daraja litafungwa, akasema limfungie. Jua lilipokuwa kali Keza alilala kwenye mkeka salon, na Faida akaketi sakafuni kando yake, kiganja juu ya tumbo la mtoto, hakukiondoa hata nilipomletea maji. Odette alikuwa kwenye kiti chake, anajifanya anasinzia. Mimi na Aline tulikuwa tunaosha vyombo bila kuvigonganisha. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri tumbo la mtoto mmoja.

Keza aliamka, akajinyoosha, akamtazama mwanamke aliyemwinamia.

"Koko," akasema, "nina njaa."

Faida hakumjibu yeye. Aligeuka kuelekea kile kiti, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya zamani, ya darajani, ya kuita wanunuzi ng'ambo ya barabara.

"Odette! Umesikia? Alikula ya mikono yangu! Alikula nzima, na anasema iko na njaa!"